Kitambaa cha Nzuki Bila Moshi

Nzuki akimaliza kuunda jiko hulitia makaa, huliwasha, kisha huja kibandani kwangu kuomba kitambaa cheupe. Mimi ni fundi wa nguo na vipande vyeupe havinikosi, kwa hivyo namkatia kimoja cha ukubwa wa leso. Anakining'iniza kwa waya juu ya jiko, anajimiminia chai, anainywa polepole, na chai ikiisha anakitazama kile kitambaa. Kikiwa bado cheupe, jiko linawekwa nje liuzwe. Kikiwa kimeingia rangi hata kidogo, anachukua nyundo na kuliponda jiko mpaka liwe bapa, kisha anaanza upya. Nimewahi kumwona mteja ameshika kichwa akilia, "Mzee, mimi nalitaka hivyo hivyo!" naye anaponda tu kana kwamba hasikii.

Tumekuwa majirani hapa Kabiro miaka kumi na tisa, chini ya paa moja la mabati. Yeye upande wa kushoto na kelele zake, mimi upande wa kulia na cherehani yangu. Kwenye ubao wake ameandika NZUKI – JIKO BILA MOSHI, na Kawangware nzima hakuna anayemwita Nzuki tupu. Ni Bila Moshi. Hata mchungaji alipokuja kumwombea mguu alimtaja hivyo mbele za Mungu.

Sababu aliniambia mara moja tu. Alilelewa Masii, kule Machakos, katika chumba cha kupikia kwa kuni ambacho mama yake aliingia akiwa na macho mazuri na kutoka miaka mingi baadaye akiwa haoni vizuri. Alikuwa akikohoa akisonga ugali, akikohoa akipakua, akikohoa akiwaambia wale. Nzuki alipokuja Nairobi na kufundishwa kazi ya bati aliapa kwamba jiko lake halitamkohoza mama wa mtu. Ndiyo maana sikuwahi kumcheka kuhusu vile vitambaa. Kwa mambo mengine nimemcheka sana.

Kisha watu wakahamia gesi, ile ya mitungi midogo, na majiko yakaanza kukaa. Yalipangwa mbele ya kibanda mpaka yakashika vumbi, na kuku wa jirani akaamua kutaga ndani ya moja. Jumatatu moja asubuhi Nzuki akaja kusimama mlangoni pangu.

"Mama Shiundu, nikatie kitambaa. Hiki ni cha mwisho. Nikimaliza jiko moja tena nafunga, narudi Masii."

Nikamwambia sawa. Nilikikata upande mara mbili kabla hakijanyooka. Niliumia, na sioni kwa nini nifiche: mtu ukishazoea kelele zake miaka kumi na tisa, ukimya wake ni kama kufiwa.

Siku ya pili yake akaja Mumbua, binti yake wa pekee. Mumbua anaishi Kibera, pale Sarang'ombe, na ni mpishi katika hoteli moja kubwa huko Karen. Alikuja na rukwama iliyobeba pipa tupu la mafuta ya kupikia alilolinunua Silanga, na karatasi aliyoichora kwa kalamu.

"Dad, kabla ufunge, niundie hii. Inaitwa smoker."

Nzuki akavaa miwani. "Simoka. Inafanya nini?"

"Unaweka makaa huku kando, nyama inakaa huku, inapikwa na moshi pole pole. Masaa sita. Mbavu za pork zikitoka hapo, mfupa unachomoka wenyewe."

"Inapikwa na nini?"

"Na moshi."

"Kwa hivyo hii simoka inatoa moshi."

"Ndiyo kazi yake, Dad."

Nzuki alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akaitazama karatasi kana kwamba binti yake amemletea picha chafu. Mimi nilikuwa nimeacha kushona kitambo.

Baadaye, baba yake alipokwenda kununua bawaba, Mumbua alikuja akaketi kwenye benchi langu na kuniambia yaliyo moyoni. "Auntie, huyu mzee akienda Masii ataketi tu chini azeeke. Nyumba haina mtu tangu mathe afariki. Nataka tuuze ribs hapa kwa workshop yake kila Saturday. Mimi nipike, yeye aunde. Akiona bado kuna kitu ya kuunda, atakaa. Lakini ribs zikikataa, ameenda. Unajua vile ako."

Nilijua vile alivyo. Nikamwambia niko upande wake, na kama kuna kitu cha kukata anitume.

Nzuki aliliunda lile pipa kwa siku tatu. Kwanza alilichoma tupu hadi harufu yote ya mafuta ikaisha, kisha akalipasua kwa urefu, akalitia bawaba likawa linafunguka kama sanduku, akaweka wavu ndani, kisanduku cha makaa ubavuni, na bomba juu. Lilikuwa zuri. Hata mimi ambaye sina habari na bati nilipita mara mbili nikiligusa.

Jumamosi Mumbua akaleta mbavu za nguruwe alizozilaza na chumvi, sukari na pilipili tangu jana yake, pamoja na vijiti vikavu vya mpera ambavyo ami yake alituma kutoka Masii, maana Mumbua alisema moshi wa mti wa matunda ni mtamu. Alikuwa amewaalika wenzake watatu wa hotelini waje saa tisa wale. Saa tatu nyama ikaingia ndani, mfuniko ukafungwa, tukaketi kungoja moshi.

Moshi haukutoka. Ikafika saa tatu unusu, haujatoka. Mumbua akaongeza vijiti vya mpera, vikawaka moto safi wa manjano, vikaisha. Saa nne pipa lilikuwa moto kiasi kwamba paka aliyezoea kupita karibu nalo alizungukia barabarani, na juu ya bomba hakukuwa na kitu ila hewa inayotetemeka. Nzuki alikuwa ameketi na chai yake, na kitambaa kinaning'inia.

Saa nne na robo alimaliza chai, akakitoa kitambaa, akakiinua juu Kabiro yote ione. "Tazameni! Nyeupe kama imetoka dukani!"

Mumbua alifungua mfuniko. Mbavu zilikuwa nyeusi juu na zimejikunja, na alipoukata ubavu mmoja, karibu na mfupa damu ilikuwa bado ipo. Wenzake wa hotelini walipofika walipewa soda. Mimi nilikula kipande kimoja kwa ajili ya urafiki, na jino langu la nyuma halijanisamehe.

"Dad," Mumbua akasema, "ulifanya nini?"

Basi ikajulikana. Alfajiri, kabla sijafungua kibanda, Nzuki alikuwa amekuja peke yake akalitazama lile pipa na hakuweza kulivumilia. Alitoboa matundu kumi na manne chini ya kisanduku cha makaa ili hewa ipite. Akaongeza urefu wa bomba ili livute. Akakandika kisanduku udongo ndani ili kishike moto. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Mikono yake ilijua kitu kimoja tu, na ilikifanya.

"Nilikuomba moshi, Dad!"

"Miaka thelathini na mbili watu wananilipa niwaondolee moshi! Leo mtoto wangu mwenyewe ananiambia niwarudishie!" Alikuwa amekasirika, lakini alipoziona zile mbavu tena sauti ikashuka. "Mumbua, hii kazi imenishinda. Sijui kuunda jiko mbaya. Si Jumatatu hii, ile ya pili, napanda gari niende nyumbani."

Akaanza kufunga vyombo vyake kwenye gunia, patasi moja moja, kwa mpangilio. Mumbua alisimama akilia bila sauti na mikono imejaa mafuta. Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nilimkasirikia Nzuki kwa kukata tamaa mapema, na nilijikasirikia mwenyewe kwa kukaa tu nikitazama.

"Baba Mumbua," nikamwambia, "hujui kuunda jiko baya. Sawa. Lakini unamjua anayejua."

Alielewa mara moja, na uso ukamkunjika. "Kwa Austine siendi."

Niwaeleze Austine ni nani. Ni fundi wa majiko ng'ambo ya barabara, mwanamume wa makamo, mcheshi, mwenye ubao mkubwa kuliko wetu, na majiko yake ni mabaya. Sisemi kwa chuki. Nilinunua moja siku Nzuki alipokuwa amesafiri kwa matanga, na nililipikia nje ya ploti mpaka nikalitoa sadaka. Kwa miaka kumi Nzuki amekuwa akimwambia kila anayepita kwamba jiko la Austine likiwashwa, mbu wote wa Kabiro huhamia Kangemi. Hawajawahi kusalimiana.

Ilinichukua mpaka Jumatano kumvukisha barabara, na nilimshika mkono wa shati asinitoroke. Austine alikuwa akigonga bati. Alipotuona alisimamisha nyundo hewani.

"Niaje, mzee. Kuna shida?"

Nzuki alikohoa. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema yote kwa pumzi moja, "Austine, nimekuja unionyeshe vile unafanyaga jiko zako zitoe moshi."

Nyundo ikashuka taratibu. "Mzee. Umevuka barabara uje unitusi kwa workshop yangu?"

"Sikutusi. Nakuomba."

"Unaniomba nini?"

"Moshi."

Austine akanigeukia. "Mama Shiundu, huyu mzee ako sawa kweli? Amekula?"

Nikamweleza habari ya pipa, mbavu, matundu kumi na manne, na Jumatatu. Nilipofika pale pa mbavu nyeusi alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Lakini nilipofika pale pa Jumatatu aliacha kucheka. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku upande wa pili wa barabara utanyamaza.

"Sasa ukweli, mzee," akasema akikuna kichwa, "mimi sijui. Zinatoka tu hivyo. Mimi hudhani ni makaa."

"Si makaa," Nzuki akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi macho yake yakachangamka. Akachuchumaa. Akalichukua jiko la Austine, akalipindua kama daktari anavyompindua mtoto. "Unaona hapa? Umebania bati. Kilango ni kidogo, hewa haingii. Matundu ni sita na ni nyembamba. Hapa juu umefunga. Makaa inataka kuwaka na haiwezi, inakufa pole pole ikilia. Ai, Austine! Hii ni... hii ni kazi..."

Alikwama. Nilimwona anatafuta neno baya alilolizoea na halipati. "Hii ndiyo yenyewe," akamalizia.

"Beba," Austine akasema. "Hiyo ni yako. Na mimi utanionyesha ile ya hewa."

Tulirudi na jiko la Austine. Nzuki alilifunika kwa gunia njia nzima kama mtu aliyebeba kitu cha wizi, na kila aliyemsalimia alimjibu bila kusimama. Alitoa kile kisanduku chake chote cha makaa, akaliingiza jiko la Austine mahali pake, akaziba kando kwa udongo, na bomba akalirudisha fupi. Aliniambia anahisi kama anamtilia mtu sumu.

Ijumaa Mumbua akaomba ruhusa kazini, akaleta mbavu nyingine. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa mimi nilifanya kosa langu. Kibandani kwangu kulikuwa na majoho ishirini na mawili ya kwaya ya kanisa letu, meupe, mapya, yamepigwa pasi na kutundikwa yakingojea kuchukuliwa Jumamosi. Ukuta kati yangu na Nzuki ni wa mbao zenye nafasi. Nilikuwa nikiwaza habari ya Masii na sikuwaza habari ya majoho.

Jiko la Austine liliwashwa, vijiti vya mpera vikawekwa, na moshi ukatoka. Bwana, ulitoka! Kwanza mweupe mzito, kisha ukatulia ukawa wa samawati, ukapanda kwenye bomba na kuenea taratibu. Jirani wa nyuma alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Tulimtuliza. Saa sita hivi akaja bwana mmoja nisiyemjua, akalizunguka lile pipa lenye bomba, akatazama huku na huku, akatoa chupa tupu chini ya koti na kuninong'oneza, "Mathe, inashuka saa ngapi?"

"Nini inashuka?"

"Chang'aa, mathe. Usiogope, mimi ni mtu poa."

Nilimfukuza yule mnywaji wa pombe haramu kwa rula ya mita.

Nzuki alikuwa ameketi na chai yake, na kile kitambaa cha mwisho juu ya bomba. Chai ikaisha. Akakitoa. Kilikuwa kimegeuka rangi ya ile chai yenyewe, kote, hadi kwenye pindo. Alikitazama muda mrefu. Kisha mkono wake wa kulia, peke yake, bila yeye kuutuma, ukaenda ukachukua nyundo. Alikuwa ameshainua Mumbua alipomrukia na kumshika kwa mikono miwili.

"Dad! Imepita! Hiyo ndiyo kupita!"

"Imepita," Nzuki akasema kama aliyeamshwa. Akaweka nyundo chini na kuikalia.

Saa tisa mfuniko ulifunguliwa. Mbavu zilikuwa nyekundu za kahawia, zinang'aa, na Mumbua aliposhika mfupa na kuuvuta ulitoka peke yake, nyama ikabaki. Alimpa baba yake kwanza. Nzuki alitafuna. Akaacha kutafuna. Machozi yakamtoka, na safari hii si kwa sababu ya moshi.

"Inanuka jikoni kwa mama," akasema. "Nimeuchukia huu moshi maisha yangu yote, na kumbe ndio uliokuwa utamu wa chakula chake."

Austine, ambaye alikuwa amevuka kuja kuona jiko lake linavyoendelea, alijifanya kukagua udongo. Tulikula mpaka vidole. Lakini lile gunia la vyombo lilibaki limefungwa pale pale, na Nzuki aliponiaga jioni alisema pipa moja si kazi, na Jumatatu iko pale pale.

Jumamosi ndipo niliponusa majoho. Yote ishirini na mawili yalinuka nguruwe. Niliyapepea, haikusaidia. Niliyanyunyizia manukato, yakawa yananuka nguruwe aliyeoga kwenda harusini. Kufua na kukausha haikuwezekana, na mvua ilikuwa ikinyesha. Wakarima, kiongozi wa kwaya, mama mkali ambaye hucheki naye, alikuja kuyachukua akiwa na mafua. Mungu wangu alinihurumia, hakusikia kitu. Nikamkabidhi na kunyamaza.

Jumapili niliketi kiti cha nyuma karibu na mlango. Kwaya iliingia ikiimba, na harufu ikaingia nayo. Niliona pua zikiinuka mstari kwa mstari. Mzee mmoja wa sauti ya besi alinusa mkono wa joho lake katikati ya ubeti, akakosa kuingia. Na kama hiyo haikutosha, mchungaji alisimama akatangaza kwamba kanisa linaanza mfungo wa siku tatu kuanzia siku hiyo. Watu waliitikia amina kwa sauti ya wagonjwa. Hata yeye mwenyewe, kwenye mahubiri, alinyamaza mara mbili akimeza mate.

Ibada ilipoisha nilijaribu kutoka kwanza. Mkono ukanishika bega. Alikuwa Wakarima, na mafua yalikuwa yamepona.

"Mama Shiundu. Haya majoho."

"Nisamehe, dada. Nitayafua yote."

Alitazama nyuma, akanivuta pembeni, akainua mkono wa joho na kuunusa macho yamefumba. "Hii nyama inauzwa wapi?"

Jumatatu asubuhi Nzuki alikuwa amevaa koti la safari, begi mgongoni, gunia la vyombo miguuni, akinyoosha mkono wa kuniaga. Sikuupokea. Nilimwonyesha barabarani. Mume wa Wakarima, mwenye bucha ya nguruwe pale stage ya matatu, alikuwa akivuka na mapipa mawili kwenye rukwama, na nyuma yake Mumbua akicheka simu ikiwa sikioni.

"Wewe ndiye Bila Moshi?" yule bwana akauliza. "Nataka ile ya moshi. Mbili. Na mfungo unaisha Jumanne, kwa hivyo harakisha."

Nzuki aliyazunguka mapipa. Akayagonga kwa kidole. Akasikiliza. Akatazama begi lake kana kwamba ni la mtu mwingine, akalivua, akalifungua gunia na kutoa patasi. Kisha akaja akasimama mlangoni pangu.

"Mama Shiundu, nikatie kitambaa."

"Si ulisema kile kilikuwa cha mwisho?"

"Kile kilikuwa cha mwisho cha bila moshi."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimkatia kimoja kimoja. Siku hiyo nilivuta jora zima la kitambaa cheupe, nikakata kumi na viwili, na nikamwambia waziwazi kwamba nimefurahi anabaki, na kwamba wiki ile sikuwa nikilala vizuri. Alivipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Na lile bomba," nikaongeza, "geuza liangalie kwa Austine."